Kwa Nini Mzizi wa Kunde Una Mafundo

“Majembe sita, Mgosi! Sita, na vipini vyake!”

Semeni alisimama katikati ya uwanja wa Jumbe, mikono kiunoni, sauti yake ikifika mpaka kisimani. Mzee Sechambo, aliyekuwa akidaiwa na ambaye wote walimwita Mgosi kwa heshima ya uzee wake, alikaa kwenye kigoda akiitazama miguu yake mwenyewe kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikisemeshwa.

“Majembe sita ya nini?” akauliza taratibu. “Shamba nilikupa, shamba nimelichukua. Udongo ni ule ule. Au kuna kitu nimekupunguzia?”

“Hukupunguza. Mimi ndiye niliyeongeza. Hicho nilichoongeza ndicho changu, na thamani yake ni majembe sita.”

“Basi kizoe uende nacho, mwanangu. Nitakuazima na kikapu.”

Watu wakaangua kicheko. Semeni hakucheka. Enzi hizo jembe la chuma ndilo lililokuwa fedha. Kwa majembe mawili ulipata mbuzi jike mwenye mimba. Kwa sita uliwaita vijana kumi wakakufyekea msitu na kung'oa visiki, nawe ukapanda kabla masika hayajaanza. Semeni alikuwa mjane, na nyumbani alikuwa na mama yake mzazi ambaye magoti yalishakataa safari. Akikosa shamba na akikosa majembe, lililobaki lilikuwa kulima mashamba ya wenzake kwa kibaba cha mtama jioni, wagawane yeye na mama yake. Hilo ndilo lililokuwa likimchemsha. Hilo, na kile kikapu.

Sasa, ili ugomvi huu ueleweke, lazima mjue kwamba siku zile mzizi wa kunde ulikuwa laini. Ulikuwa laini kama uzi wa pamba, kuanzia shinani mpaka nchani, hauna kovu wala uvimbe. Na watu waliokaa chini ya milima ya Nguu walikuwa na fahari moja kubwa: shamba jeupe. Mtu akishavuna kunde, aling'oa kila shina pamoja na mzizi wake, akakung'uta udongo, akarundika vyote kando ya njia na kuvitia moto. Aliyeacha shina moja aliitwa mvivu. Mke aliyeacha mawili alirudishwa kwao akafundishwe upya. Shamba lilibaki tupu kama sinia lililolambwa, na wapita njia walisimama kulisifu.

Mwaka wa kwanza mtama ulitoka vizuri. Wa pili ukatoka hivi hivi. Wa tatu ukatoka wa njano, mfupi, suke lake jembamba kama mkia wa panya. Hapo watu walisema ardhi imezeeka, wakafunga virago, wakasogea juu zaidi kufyeka msitu mwingine. Babu zao walifanya hivyo na wao waliona ndiyo maisha. Mashamba yaliyozeeka waliyaachia magugu, na Mzee Sechambo alikuwa nayo mengi kuliko mtu yeyote.

Miaka minne kabla ya ugomvi, Semeni alimwendea akamwomba moja. Mama hawezi kupanda mlima, alisema, kwa hiyo nipe hata lililochoka. Wakapatana: kila akivuna vikapu vitano, kimoja ni cha Sechambo, na Semeni atalima mpaka atakapochoka mwenyewe. Maneno yakaishia hapo. Semeni alikuwa mtu wa kusema mara moja. Kuweka shahidi kati ya watu wawili waliosikilizana aliona ni kuwatukana wote wawili.

Vuli ya kwanza alipanda kunde. Alipokwisha kuvuna, akaanza kung'oa kama desturi ilivyotaka. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Alivuta shina, likakataa. Akalivuta kwa mikono miwili, likakatika ghafla, naye akaanguka chali, miguu juu, wakati huo huo wanawake watatu wakipita na mitungi ya maji.

“Pole, shoga!” mmoja akasema. “Kunde zimekuzidi nguvu?”

“Mwacheni, analala tu,” akadakia mwingine. “Shamba limemchosha.”

Walipokwisha kupita, Semeni alichukua panga akaingia shambani na matusi ambayo hayasimuliki. Akakata kila shina chini kabisa, usawa wa udongo, safu baada ya safu. “Mizizi yenu bakini nayo!” akazikemea kunde. “Kaeni nayo huko huko, mwozeane!” Akajitwika mabua akaenda zake, na mizizi ikabaki.

Masika yalipokuja alipanda mtama, bila tumaini kubwa. Mtama ukaota wa kijani kibichi kinachoelekea weusi. Wapita njia walidhani amepata dawa. Yeye mwenyewe hakujua kwa nini, lakini hakuwa mtu wa kudanganyika na bahati. Vuli iliyofuata akafanya hivi: nusu ya shamba aling'oa, nusu akakata. Masika yakaja, nusu aliyong'oa ikatoa mtama wa kiunoni, nusu aliyokata ikatoa mtama uliomzidi kimo. Basi akaweka panga lake upande mmoja na desturi upande wa pili, akachagua panga. Alibakiza kwenye mpaka wa juu safu tatu tu za kung'oa kila mwaka, apate kuona kama macho yake bado yanamwambia kweli.

Mwaka wa nne Mzee Sechambo alipita na fimbo yake. Akalizunguka shamba mara mbili, akaushika mtama, akalitikisa bua, halikutikisika. “Ardhi yangu imepumzika vya kutosha,” akasema. “Mwanangu anaoa mwaka huu, nitampa hapa.” Alisubiri tu Semeni avune mtama. Kunde za vuli zilipoanza kutoa maua, akatuma neno kwamba zikivunwa hizo, kwaheri.

Ndipo wakafika mbele ya Jumbe.

Jumbe alikuwa akisuka ungo. Alisuka kila aliposikiliza kesi, maana alisema mikono yake ikikaa bure na masikio nayo yanasinzia. Akangoja kicheko kiishe.

“Semeni. Unasema umeongeza kitu katika shamba la mwenzako. Kitu gani?”

“Sijui jina lake, Jumbe.”

Kicheko kikaanza tena. Jumbe akainua ukili mmoja wa ungo wake, watu wakanyamaza.

“Kina rangi gani?”

“Sijakiona. Nimeona kazi yake. Mtama ulikuwa wa kiunoni, sasa unanipita kichwa.”

“Ardhi imepumzika,” akasema Sechambo.

“Imepumzika vipi nami niko juu yake kila siku na jembe? Wewe ukilimwa mgongoni miaka minne utaita kupumzika?”

Hata Jumbe alitabasamu kidogo. Lakini alikuwa na sheria yake. Kila nyumba katika nchi ile ilikuwa na ugwe uliotundikwa juu ya mlango, na kila mtu alipompa mwenzake kitu, alifunga fundo moja mbele yake. Siku ya madai ugwe ulishushwa, mafundo yakahesabiwa, kesi ikaisha. Asiye na mafundo hakuwa na dai.

“Ugwe wako uko wapi, mama?”

“Sina. Tulipatana kwa mdomo.”

“Mdomo wako nauamini,” akasema Jumbe. “Lakini siwezi kuuhesabu. Kesho asubuhi niletee mafundo. Ukikosa, shamba ni la Mgosi na majembe hakuna.”

“Hata moja tu, mwanangu,” akasema Sechambo akiinuka. “Fundo moja, na mimi nitalipa yote sita. Watu wote wamesikia.”

Semeni hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shambani, jua la mchana likimchoma utosi, akasimama kati ya kunde zilizokuwa katika maua na kusema peke yake kwa sauti kubwa. Alimsema Sechambo, akamsema Jumbe na ungo wake, kisha akajisema mwenyewe, na hapo ndipo alipokuwa mkali kuliko kote. Mtu mzima, miaka minne, asifunge hata uzi!

“Punguza sauti, mama,” ikasema sauti karibu na goti lake. “Unaniangushia maua.”

Siku zile mazao yalikuwa bado yakisema, ila hayakuwa na mengi ya kusema, na watu hawakuwa na muda wa kuyasikiliza. Semeni akainama. Alikuwa Kunde, shina moja lililosimama kando ya njia, majani yake yamejaa vumbi la wapita njia.

“Na wewe unataka nini?”

“Mimi? Wewe ndiye uliyekuja kunipigia kelele na jua hili. Unalia kwamba umeongeza kitu usichokijua jina. Si wewe uliyekiongeza. Ni mimi.”

“Wewe!”

“Mimi na wenzangu. Kila siku navuta upepo kwa majani yangu, naujaza kinywani. Nikipata fundo moja nalipeleka chini kwa mzizi, namnywesha Ardhi. Kesho fundo jingine. Ndiyo kodi yangu ya kukaa hapa. Huyo Mtama unayemsifu anakula tu, halipi chochote. Kimo chote kile, na mkono mfupi.”

“Mbona mashamba ya wenzangu hamlipi? Nao wanapanda kunde.”

“Tunalipa sana!” Kunde akapandisha sauti, na ua lake moja likaanguka. “Lakini mtu hajamaliza kumnywesha mwenzake, mara anakuja mwingine, anamng'oa koo na kinywa na kila alichobeba, anamtia moto. Ardhi atapata nini hapo? Moshi. Wewe siku ile ulipotukata ukatuachia mizizi, ndiyo mara ya kwanza Ardhi alikunywa mpaka akashiba.”

“Nilikuwa na hasira,” Semeni akakiri.

“Tunajua. Matusi tuliyasikia.”

Semeni akakaa chini, miguu mbele. “Mmempa mafundo mangapi miaka hii minne?”

“Sikuhesabu.”

“Hukuhesabu! Unalipa kila siku ya Mungu, hujui umelipa kiasi gani?”

“Ugwe wako wewe uko wapi?” akauliza Kunde.

Semeni akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni, kwa sababu neno lilikuwa limemnasa.

“Umesema fundo.”

“Ndiyo. Fundo. La kinywani.”

“Na Jumbe anataka fundo.”

“Lake ni la kamba, mama.”

“Fundo ni fundo! Sikiliza. Usiyamwage yote moja kwa moja. Kila ukijaza fundo kinywani, lifunge kwenye mzizi wako, likae pale lionekane. Mnyweshe Ardhi taratibu kutoka humo humo. Yeye atapata chake, na mtu akichimba atahesabu.”

Upepo ukapita, Kunde akauvuta.

“Nikiyaonyesha,” akasema, “watu watajua pa kuyaibia.”

“Watajua pa kuyaacha.”

“Na wasipoacha?”

“Nitawaambia wasing'oe. Nitawaambia hawa, nitawaambia na watakaozaliwa. Wakate, mizizi ibaki.”

“Hiyo ni ahadi ya mdomo tu.”

“Ndiyo pekee ninayoijua.”

“Hata mimi,” akasema Kunde. “Basi tumepatana. Lakini kesho itabidi ung'oe mmoja wetu, wapate kuona. Ning'oe mimi. Niko karibu na njia, hamtakanyaga wengine.”

Semeni akamfuta Kunde vumbi kwenye majani kwa ncha ya nguo yake, jani moja moja, akaenda nyumbani kumpikia mama yake. Nyuma yake habari ikapita kutoka mzizi hadi mzizi. Ikamaliza shamba zima, ikavuka mpaka, ikaingia mashamba ya watu wengine, kwa sababu huko chini hakuna mpaka wa mtu.

Asubuhi Semeni aliingia uwanjani mikono mitupu. Sechambo akajinyoosha kwenye kigoda chake kama mtu aliyekwisha kula.

“Mafundo yako wapi?” akauliza Jumbe.

“Ugwe wangu hautembei, Jumbe. Twendeni.”

Wakaenda wote, Jumbe na ungo wake kwapani. Kando ya njia Semeni akapiga magoti. Hakuvuta. Alichimba pembeni kwa vidole, akalegeza udongo pande zote, akaingiza mikono miwili chini na kumnyanyua Kunde kama mtu anavyomnyanyua mtoto aliyelala. Akakung'uta. Mzizi ukaning'inia hewani, na kwenye mzizi ule, kuanzia juu mpaka nchani, kulikuwa na mafundo. Mengine madogo kama punje za ulezi, mengine makubwa kama ya mtama, yamefungwa mawili mawili, matatu matatu, mengi kuliko ugwe wowote uliopata kushushwa mlangoni pa mtu.

Jumbe akahesabu. Alipofika arobaini akapotea, akaanza tena, akaacha.

“Umeyafunga wewe!” Sechambo akamaka. “Umekesha hapa usiku kucha na uzi!”

Jumbe akachukua fundo moja, akalipasua kwa ukucha wa kidole gumba. Ndani lilikuwa jekundu na bichi, kama ufizi wa mtoto. “Uzi wa rangi hii naujua,” akasema, “lakini haufumwi na mtu.” Akawageukia vijana. “Nendeni nyumbani kwa Mgosi. Nyuma ya jiko lake kuna kunde. Chimbeni moja kama alivyochimba huyu mama.”

Vijana wakaenda mbio, wakarudi mbio. Kunde ya Sechambo nayo ilikuwa na mafundo tele. Uso wa mzee ukachanua.

“Mnaona? Hata mimi ninayo! Hana alichonizidi!”

“Unayo, Mgosi,” akasema Semeni. Safari hii hakupaza sauti. “Unayo kila mwaka. Na kila mwaka unayang'oa na kuyachoma moto, kisha unasema ardhi imezeeka.”

Akawapeleka mpaka wa juu, kwenye zile safu tatu. Mabua ya mtama wa masika yalikuwa bado yamesimama pande zote mbili. Upande wa kukata, kila bua lilikuwa nene kama kifundo cha mkono. Upande wa kung'oa, yalikuwa kama vidole. Ulikuwa udongo mmoja, mvua moja, mikono ile ile. Watu wakapita kati yao wakiyashika, huku wakigeuza vichwa kutazama mlima, ambako mashamba waliyoyaacha yalionekana moja juu ya jingine kama viraka. Mwanamke mmoja mzee, aliyehama mara saba katika maisha yake na kuzika watoto wawili njiani, akakaa chini akashika mashavu.

“Kumbe tulikuwa tukikimbia moshi wetu wenyewe,” akasema.

Jumbe hakuwa na haja ya kufikiri. Mafundo alitaka, mafundo ameyaona. Mzee Sechambo alilipa majembe manne siku ile ile, na mawili baada ya siku tatu, kwa kuwa ilibidi akayaazime kwa shemeji yake. Alibaki na fundo moja tu, la moyoni, nalo lilimchukua mwaka mzima kulifungua. Siku lilipofunguka alikuja mwenyewe kwa Semeni, akakohoa mara tatu mlangoni.

“Lile shamba langu la bondeni,” akasema. “Limechoka. Ungelitazama.”

“Nitalitazama,” akajibu Semeni. “Leta ugwe kwanza.”

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ya kesi, kabla watu hawajatawanyika, Semeni alipanda juu ya kichuguu, bado amemshika Kunde mkononi, akawaambia alichoahidi kuwaambia. Hakurembesha. Kunde anavuta upepo, anaugeuza kuwa fundo, anamlipia Ardhi. Ukimng'oa unaiba. Kateni, mizizi ibaki. Akarudia mara mbili, akashuka. Kisha akamfukia Kunde pale pale alipomtoa.

Na tangu siku hiyo mzizi wa kunde una mafundo. Chimbeni taratibu wakati wa maua mtayaona, na mkipasua moja mtalikuta jekundu. Ndugu zake, maharage na choroko, mbaazi na fiwi, walipoona mwenzao anaheshimiwa, wakayafunga na wao. Mkingoja mpaka kunde zikauke mtayakuta yamesinyaa, kwa kuwa Ardhi amekwisha kunywa. Na tangu siku hiyo watu wa Nguu hawakuhama tena kufuata msitu. Mtama na kunde zinapokezana katika shamba lile lile, vuli kwa masika, na misitu ya juu ikapata nafasi ya kuota tena. Shamba jeupe leo halisifiwi na mtu. Mgeni akiona visiki vya kunde vimechomoza udongoni huuliza ni mvivu gani analima hapa, na wenyeji humjibu kwamba huyo ndiye mwenye akiba.

Ila wapo mpaka leo wanaong'oa. Wana haraka, au mkono umezoea, au hawakuambiwa. Basi wameambiwa sasa. Punje ni zako, zipike. Majani ni mboga yako. Mabua mpe mbuzi wako. Mzizi si wako, ni wa Ardhi. Uache.